Kidirisha cha Onyo Kinachorwa na Nani?

Kuna swali ambalo halikosekani katika vikundi vya WhatsApp vya wasanidi programu hapa Nairobi: nitabadilishaje sura ya kile kidirisha kinachojitokeza katikati ya skrini na kuuliza "Una uhakika?" Ukilisikia utadhani ni kazi ya dakika tano. Anayeuliza ameshamaliza programu yake, ameweka nembo ya mteja na rangi zake, kila ukurasa unapendeza. Kisha mtumiaji anagusa "Futa", na kinachotokea ni kidirisha cheupe chenye vitufe vya zambarau, kisicho na undugu wowote na programu iliyokizaa.

Majibu humiminika. Mmoja anamwambia aongeze mstari kwenye mandhari (theme, inayobeba rangi na mitindo ya programu nzima), mwingine ampe kitufe rangi moja kwa moja, mwingine aachane na kidirisha hicho atengeneze chake. Anajaribu yote. La kwanza halifanyi lolote, la pili linaiangusha programu, la tatu linamletea kona nyeupe nyuma ya kona zake za mviringo. Jioni inamkuta bado anahangaika na kidirisha kimoja.

Ajabu ni kwamba majibu hayo yote yanaweza kuwa sahihi, ila kila moja linahusu kidirisha tofauti. Ndani ya simu, vitu vinavyofanana machoni huchorwa na wachoraji tofauti. Vingine vinachorwa na mfumo wa simu, nje kabisa ya programu yako. Vingine vinachorwa ndani ya programu yako lakini na maktaba (msimbo uliokwisha kutayarishwa) ya Google au Apple, kwa masharti yao. Na vingine unavichora wewe mwenyewe, kila nukta. Usipojua unashughulika na mchoraji yupi, utakuwa unampa maagizo asiyehusika.

Tuanze na vile usivyoviweza, kwa sababu ndivyo vinavyopoteza muda wa watu bure.

Kila mkazi wa Nairobi anakijua kidirisha cha M-Pesa kinachoibuka baada ya kuchagua kulipa mtandaoni: kinataja jina la biashara, kiasi, na kinaomba PIN. Wateja wengi huomba kiwekewe nembo yao, au angalau kibadilishwe rangi. Haiwezekani, na mteja aelezwe hivyo siku ya kwanza. Programu yako inapotuma ombi la malipo kupitia Daraja, mlango ambao Safaricom iliwafungulia wasanidi programu mwaka 2017, ombi hilo halirudi kwenye programu yako ili lichorwe. Linapita kwenye mtandao hadi kwenye laini ya mtumiaji, na laini ndiyo inayoiambia simu ionyeshe kidirisha. Mchoraji ni sehemu ya simu inayohudumia menyu za laini, ileile iliyobeba M-Pesa tangu 2007. Ndiyo maana kidirisha hicho huonekana hivi kwenye Tecno na vile kwenye iPhone, hata kama ombi limetoka kwenye programu ileile.

Hata hivyo, kuna nafasi ndogo ambayo ni yako, na wengi huipuuza. Ombi lina sehemu iitwayo AccountReference, yenye herufi zisizozidi 12, na hiyo huonyeshwa kwa mlipaji pamoja na jina la biashara. Programu nyingi hutupia humo namba ndefu iliyotolewa na hifadhidata, ambayo mlipaji haielewi. Ukiandika "ChamaMachi" badala yake, umemwambia mama aliye sokoni Gikomba kwamba hili ndilo ombi alilokuwa akilingoja. Katika kidirisha kisicho chako, huo ndio urembo pekee ulio mikononi mwako, na unasaidia kuliko nembo.

Vidirisha vya ruhusa ni vivyo hivyo. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, programu huomba ruhusa ya kamera au mahali ulipo wakati inapoihitaji, na kidirisha kinachouliza ni cha mfumo. Kwenye Android huwezi kukibadilisha hata neno. Unachoweza ni kutanguliza ukurasa wako mwenyewe unaoeleza kwa nini unaihitaji ruhusa hiyo, kisha ndipo uombe. Kwenye iPhone unapewa sentensi moja ya kueleza sababu, inayoandikwa kwenye faili ya Info.plist. Ukizembea ukaandika "Programu inahitaji kamera", umepoteza nafasi. Andika "Tunatumia kamera kupiga picha ya risiti ya mchango wako" na mtu ataelewa anachoulizwa.

Ukali huu una maana. Kama programu yoyote ingeruhusiwa kukichora upya kidirisha cha ruhusa, tapeli angeandika "Endelea kusoma" juu ya kitufe kinachompa maikrofoni yako. Kwa sababu hiyohiyo, usitengeneze kidirisha chako kinachofanana na cha M-Pesa na kuomba PIN ndani yake, hata kama mteja anasisitiza kwamba kitapendeza zaidi. PIN ya mtu haipaswi kuingia kwenye kisanduku ulichokichora wewe. Hili silioni kama suala la mapendeleo ya usanifu, na kazi ya namna hiyo ni ya kukataliwa.

Sasa tuje kwenye vidirisha vya Android vinavyochorwa ndani ya programu yako. Hapa ndipo penye msitu.

Mkanganyiko wa kwanza ni wa majina. Kuna AlertDialog mbili. Moja iko katika android.app, imekuwepo tangu Android ya kwanza, na ni sehemu ya mfumo. Ya pili iko katika androidx.appcompat.app, inasafiri ndani ya programu yako kama maktaba. Unapoandika jina hilo kwenye Android Studio, kihariri kinakuuliza uchukue ipi, na mkono wenye haraka huchagua iliyo juu. Tofauti yao si ndogo. Ile ya mfumo husoma mandhari yake kutoka kwenye sifa ya android:alertDialogTheme. Ile ya maktaba husoma alertDialogTheme, bila android mbele. Ukiweka moja na kuita nyingine, hakuna kosa litakaloonyeshwa, na hakuna kitakachobadilika. Nusu ya malalamiko ya "nimejaribu imekataa" huishia hapa. Kabla hujagusa rangi yoyote, panda juu kabisa ya faili yako usome mistari ya import.

Ile ya mfumo ina tabia nyingine. Kama mandhari ya programu yako imerithi Theme.DeviceDefault, kidirisha kitavaa sura aliyoiamua mtengenezaji wa simu, na watengenezaji wana uhuru wa kuibadilisha watakavyo. Mkononi mwako kitaonekana sawa, kwa mteja mwenye Infinix aliyoinunua Luthuli Avenue kitakuja na kona na rangi nyingine, na ninyi wawili mtabishana mkiwa mnatazama vitu viwili tofauti. Ile ya maktaba haina tatizo hilo, maana imebeba sura yake. Kwa programu mpya sioni sababu ya kuitumia ile ya mfumo.

Kuna mtoto wa tatu, MaterialAlertDialogBuilder, anayetoka kwenye maktaba ya Material, mtindo wa usanifu wa Google. Huyu hurithi ile ya androidx na kuiongezea sura ya Material, nayo ina sifa yake ya mandhari: materialAlertDialogTheme. Kwa hiyo milango ni mitatu, na kila mmoja una ufunguo wake.

Ukishajua mlango wako, njia iliyo bora ni kubadilisha mandhari, wala si kitufe kimoja kimoja. Tuchukue programu ya chama: wanachama wanatuma michango, mweka hazina anaidhinisha, mara nyingine mtu anafuta ombi. Ina vidirisha vingi, tuseme kila ukurasa una kimoja au viwili. Unaunda mtindo mmoja unaorithi ThemeOverlay.Material3.MaterialAlertDialog, unaupa colorPrimary yenye rangi ya chama, kisha katika mandhari kuu ya programu unaielekeza materialAlertDialogTheme kwenye mtindo huo. Kuanzia hapo kila kidirisha kilichopita kwenye mlango huo kinavaa sare. Ukitaka kitufe cha kukubali kitofautiane na cha kughairi, ndani ya mtindo huohuo kuna buttonBarPositiveButtonStyle na buttonBarNegativeButtonStyle. Na kidirisha cha kufuta, ambacho unataka kitufe chake kiwe chekundu, kinapewa mtindo wake peke yake wakati wa kukijenga, bila kuvigusa vingine.

Ule ushauri wa kupaka kitufe rangi moja kwa moja, kwa kuita getButton na kisha setTextColor, unafanya kazi, lakini kwa sharti ambalo wanaoutoa husahau kulitaja. Vitufe havipo mpaka kidirisha kionyeshwe. Ukiita getButton kabla ya show(), unapata null, na programu inaanguka. Hiyo ndiyo anguko ya yule mwenzetu wa mwanzo. Na hata ukiita kwa mpangilio sahihi, umepaka kidirisha kimoja. Cha ukurasa unaofuata kitabaki zambarau.

Mitego miwili ya mandharinyuma inahitaji kuelezwa kwa utaratibu. Wa kwanza: mtu anataka kidirisha kiwe na rangi ya maziwa, anaandika android:background ndani ya mtindo. Sifa hiyo, ikikaa kwenye mandhari, inashuka kwa kila kilichomo ndani, kuanzia kichwa na ujumbe hadi vitufe, na kila kimoja kinapakwa peke yake. Matokeo ni viraka. Anayehitajika ni android:windowBackground, lakini naye ana sharti lake: mandharinyuma ya kawaida ya kidirisha si rangi tupu, ni mchoro wenye kona za mviringo na nafasi pembeni. Ukiweka rangi tupu mahali pake, kona na nafasi zinaondoka pamoja. Kwa Material, njia nyepesi ni kuiacha mandharinyuma na kubadilisha rangi ya uso wake (colorSurface, au colorSurfaceContainerHigh katika matoleo mapya ya Material 3) au umbo la kona, ambalo katika Material 3 huanza na 28dp (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini za Android).

Wa pili ni zile kona nyeupe. Umetengeneza mpangilio wako mwenyewe wenye kona za mviringo, ukauingiza kwa setView, na sasa nyuma ya kila kona kuna kipembe cheupe kinachochungulia. Mpangilio wako hauna kosa. Kidirisha kinakaa ndani ya dirisha, na dirisha lina mandharinyuma yake iliyo nyuma ya kazi yako. Lifanye dirisha liwe angavu, yaani lipe android.R.color.transparent, na vipembe vitatoweka. Dirisha hilohilo ndilo linaloamua upana, na ndiyo sababu match_parent (yaani jaza upana wote) uliyoiandika kwenye mpangilio wako haisikilizwi. Upana huwekwa kwa setLayout ya dirisha baada ya show().

Kuna jambo moja ambalo si la sura, lakini kila anayeanza kurembesha vidirisha hukutana nalo. Kwenye Android, kitufe chochote cha AlertDialog kikiguswa, kidirisha kinajifunga. Katika programu ya chama, mwanachama akiandika kiasi kinachozidi salio lake na kugusa "Tuma", kidirisha kinafungwa kabla hajaonyeshwa kosa, na alichokiandika kinapotea. Dawa ni kukiacha kitufe bila kazi wakati wa kujenga, kisha kukipa kazi baada ya kuonyeshwa:

val kidirisha = MaterialAlertDialogBuilder(this)
    .setTitle("Tuma mchango")
    .setView(sehemuYaKiasi)
    .setPositiveButton("Tuma", null)
    .setNegativeButton("Ghairi", null)
    .show()

kidirisha.getButton(AlertDialog.BUTTON_POSITIVE).setOnClickListener {
    if (kiasiNiSahihi()) {
        tumaMchango()
        kidirisha.dismiss()
    } else {
        sehemuYaKiasi.error = "Kiasi kinazidi salio lako"
    }
}

Kumbuka pia kwamba kidirisha kilichoonyeshwa hivi hufa simu ikigeuzwa upande. DialogFragment, iliyokuja na Android 3.0 mwaka 2011, iliwekwa kwa ajili ya hilo. Na usikijenge kidirisha kwa getApplicationContext(), yaani muktadha wa programu nzima badala ya wa ukurasa: hakitapata mandhari ya ukurasa wako, na kikijaribu kuonyeshwa hakitakuwa na dirisha la kushikilia, programu itaanguka.

Walio kwenye Compose, njia mpya zaidi ya Google ya kuchora kurasa kwa msimbo, wana maisha mepesi zaidi. AlertDialog yao inapokea umbo, rangi ya chombo, rangi ya kichwa na ya maandishi papo hapo unapoiita, na isipopewa huchukua za MaterialTheme. Lakini mitindo yote niliyoieleza, inayoandikwa kwenye faili za XML, haiifikii. Programu iliyo nusu XML nusu Compose itakuwa na vidirisha vya familia mbili mpaka urekebishe pande zote mbili.

Kwenye iPhone hadithi ni fupi. Tangu iOS 8 ya mwaka 2014, kidirisha cha onyo ni UIAlertController, na Apple imeandika wazi kwamba itumike ilivyo: hairuhusiwi kurithiwa, na vilivyomo ndani yake havipaswi kuguswa. Wewe hapo ni mpangaji. Mwenye nyumba anakuruhusu kutundika mapazia, kuta ni zake. Mapazia ni haya: kichwa, ujumbe, sehemu za kuandika, aina ya kila kitufe (cha kawaida, cha kughairi, au cha uharibifu ambacho huwa chekundu), kitufe kipi kikolezwe kupitia preferredAction, na rangi ya vitufe kupitia tintColor ya view yake. Basi.

Utakutana na ujanja wa setValue wenye ufunguo kama titleTextColor, unaoonekana kuvunja sharti hilo. Unafanya kazi leo kwa sababu ndani ya Apple kuna kitu chenye jina hilo. Siku wakilibadilisha katika sasisho, ufunguo hautapatikana na programu yako itaanguka mikononi mwa watu, si mezani kwako. Siupendekezi kwa kazi inayolipiwa. Kama sura ya Apple haikufai kabisa, tengeneza UIViewController yako, ionyeshe juu ya ukurasa kwa overFullScreen, na uwajibike kwa kila kilichomo.

React Native, inayotumia msimbo mmoja kwa Android na iPhone, haina kidirisha chake: Alert.alert inakuitia kile cha simu, chenye vitufe visivyozidi vitatu kwenye Android, na mipaka yote iliyotajwa hapo juu inakufuata. Anayetaka sura yake hutumia Modal. Flutter, nyenzo ya Google ya kazi hiyohiyo, ni kinyume. Inachora kila kitu yenyewe, kwa hiyo unaweza kubadilisha chochote, kidirisha kimoja kwa wakati au vyote kupitia dialogTheme ndani ya ThemeData. Gharama yake ni kwamba sura ya msingi ni ya Flutter, na Flutter ikibadilika nawe unabadilika. Toleo la 3.16 la Novemba 2023 lilifanya Material 3 kuwa chaguo la kawaida, na vidirisha ambavyo havikuwa vimepewa rangi waziwazi vilibadilika sura siku ambayo mradi ulisasishwa. Kwa hiyo andika backgroundColor na shape hata kama zile za kawaida zinakupendeza leo.

Uhuru ukishapatikana, swali linahamia kwenye macho ya mtumiaji. Kijani kinapendwa sana katika programu za pesa hapa kwetu, na kijani kinachochaguliwa mara nyingi ni #4CAF50. Maandishi ya kijani hicho juu ya nyeupe yana uwiano wa takriban 2.8 kwa 1. Miongozo ya WCAG, inayohusu usomekaji kwa watu wote, inataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Mtu aliyesimama steji ya Odeon saa saba mchana, jua likimpiga kwenye skrini, hatakiona kitufe cha "Tuma". Kijani kizito cha #2E7D32 kinafika takriban 5.1 kwa 1, na bado ni kijani cha chama. Halafu washa hali ya giza: kijani hichohicho kizito juu ya kijivu cheusi kinazama, na utahitaji kingine chepesi katika folda ya values-night. Ni hapa programu nyingi zilizorembwa huanguka, maana rangi ziliandikwa moja kwa moja kwenye msimbo na mandharinyuma ikageuka peke yake.

Maandishi ya vitufe nayo yana uzito. "Ndiyo" na "Hapana" humlazimisha mtu arudi kusoma ujumbe wote. "Futa ombi" na "Libakishe" vinajitosheleza. Vitufe vya namna hii ni virefu, na mitindo ya zamani ya Android huviandika kwa herufi kubwa tupu, vikazidi kurefuka. Vikikosa nafasi upande kwa upande, Android huvipanga kwa kushuka, kile cha kukubali kikiwa juu. Zima textAllCaps, kisha jaribu kwenye simu yenye skrini nyembamba. Jaribu pia kwa maandishi makubwa, kwani tangu Android 14 mtumiaji anaweza kuyakuza hadi asilimia 200. Kidirisha ulichokipa kimo maalum kitakata ujumbe katikati. Acha kimo kijipime, weka ujumbe ndani ya sehemu inayosogezwa, na kila kitufe kisipungue 48dp ili kidole gumba kikipate mtu akiwa ameshika chuma cha matatu kwa mkono wa pili.

Jambo la mwisho linawahusu waliochora kidirisha chao kuanzia mwanzo. Vidirisha vya Google na Apple huja vikiwa vimeshafundishwa kuzungumza na TalkBack na VoiceOver, visomaji vya skrini vya Android na iPhone kwa wasioona: kikitokea, kisomaji huhamia ndani yake na kilicho nyuma hunyamaza. Chako hakijui hivyo. Kwenye iPhone unapaswa kuiwasha accessibilityViewIsModal kwenye kidirisha chenyewe. Usipofanya hivyo, mwanachama asiyeona atatelezesha kidole akitafuta kitufe cha "Tuma" na kujikuta anasomewa orodha ya michango iliyo nyuma, bila kujua kwamba kuna swali lililo mbele yake linalongoja jibu.